Enzi Nyimbo Zilipokuwa Zikiombwa

Tiki-tiki-puu, tiki-tiki-puu. Mpaka leo nikifumba macho nakisikia kile kinanda cha baba yangu, Papa, sebuleni kwetu Fittja, huku Uswidi. Kilikuwa na vitufe vya midundo ya kila aina, lakini vyote vilishakufa isipokuwa kimoja. Basi kila wimbo uliofika nyumbani kwetu, wa Krismasi, wa harusi, wa msiba, ulipigwa kwa tiki-tiki-puu. Vijana wa leo wangesema Papa ana mtindo wake wa kipekee. Sisi tulisema kinanda kimeharibika.

Ninyi mliokulia kwenye majengo yale mnakumbuka. Hatukuwa na akili nyingi kama watoto wa sasa. Tulishinda uani, mpini wa kamba ya kuruka ndiyo maikrofoni, tunaiga wanakwaya wa kwenye kanda za video zilizotoka Kongo, zilizonakiliwa mara nyingi mpaka nyuso za watu zikawa za buluu. Majaji walikuwa wasichana wasiojua kuimba kabisa, na hao ndio waliokuwa wakali zaidi. Jioni ngazi nzima ilinukia sombe, kisamvu chetu, na dagaa wa ndagala, na jirani yetu Mswidi alifungua dirisha kwenye baridi ile kali kwa sababu alizozijua mwenyewe. Shuleni mwalimu wa muziki aliniomba niimbe wimbo wa kwetu. Mimi nikachukua wimbo wa Kiswidi wa kwenye televisheni, nikauimba kwa Kiswahili. Mwalimu machozi yakamlengalenga kwa uzuri wa utamaduni wetu.

Kitu kimoja tu hatukucheza nacho. Wimbo wa mtu uliombwa. Kwaya ikitaka wimbo wa mwingine, ilituma watu nyumbani kwake Jumamosi, na soda mkononi. Wanakaa, wanakula kwanza, kisha wanauimba mbele ya mwenyewe. Mwenyewe anasikiliza huku amefumba macho. "Hapo mmekimbia." "Hapo mmepanda juu, nani aliwaambia mpande?" Wanarudia mpaka chakula kinapoa. Akiridhika anasema "chukueni," na tangu siku hiyo, popote watakaposimama kuuimba, lazima waanze kwa kusema wamepewa na nani. Ushamba ulioje! Soda zote zile, na simu ingefanya kazi yote kabla chupa haijafunguliwa.

Mama yangu alikuwa na wimbo wake mmoja. Aliutunga mwaka Bibi alipofariki Uvira, kule Kongo, na yeye makaratasi yake ya kuishi hapa yalikuwa hayajatoka, hakuweza kusafiri kumzika. Wenzake walilia makaburini, yeye alilia jikoni akikatakata vitunguu ili sisi tusiulize. Kisha akatunga wimbo. Ubeti wa kwanza unasimulia mgongo uliombeba, wa pili unasimulia njia ndefu, na wa mwisho unamtaja Bibi kwa jina, Nabintu, na kijiji chake, na mama yake aliyemzaa. Kwa Mama, ubeti ule ndio kaburi. Hana lingine.

Sasa njooni kwenye maendeleo.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa kwenye harusi, ukumbini Spånga. Bibi harusi anaingia, spika zinalia, na wimbo ni wa Mama. Ila umewekewa ngoma ya kukata viuno. Mwimbaji alikuwepo mwenyewe, Jonatani, kijana wa Kirundi aliyezaliwa hapahapa, wa Upplands Väsby, amevaa miwani ya jua, na nje theluji inaanguka. Aliuokota kwenye video ya kanisani, akaurekodi chumbani kwake, akaupandisha mtandaoni. Wanaita kava. Maelfu ya watu wameupenda, na wewe ni nani hata usiupende? Alizoimba ni beti mbili tu. Wa tatu ulikuwa mrefu, unachosha.

Kinamama wa kwaya wote wakageuka kumtazama Mama. Mama akaweka uma chini, akafuta mdomo, akainuka. Nikajua leo kuna mtu atapigwa kiatu mbele ya keki.

"Weye ni mtoto wa nani?"

Jonatani akadhani anapongezwa. "Asante sana, Mama! Umeupenda?"

"Ile wimbo ulipewa na nani?"

"Hakuna, Mama, niliukuta tu. Upo mtandaoni, ni wa watu wote."

"Jumamosi uje kwangu Fittja. Uje na sauti yako. Simu uiache kwenu."

Alikuja, namshukuru. Tena alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na badala ya soda akaleta mikate ya mdalasini. Mama akampa sombe, akamwangalia anakula, kisha akasema, "Imba."

"Bila mdundo?"

"Kwani ulizaliwa na mdundo?"

Papa akacheka peke yake kwenye kochi. Jonatani akaimba, na niseme ukweli hata kama unaniuma, sauti anayo. Akamaliza ubeti wa pili, akanyamaza.

"Endelea," Mama akasema.

"Umeisha, Mama."

"Haujaisha. Huyo uliyekuwa unamwimbia bado hujamtaja."

Mama akauimba ubeti wa mwisho mwenyewe, akiwa amekaa, mikono mapajani. Alipofika kwenye jina la Bibi, Jonatani alikuwa anatazama soksi zake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba harusi ile iliingia ukumbini juu ya kilio cha mtu. Akaomba radhi kwa Kiswidi kwanza, halafu kwa Kiswahili, maana cha kwanza kilimtoka bila kufikiri. Akarudia ubeti ule hadi Mama akaacha kumkatiza.

"Chukua," Mama akasema. "Lakini usinikatie mama yangu."

Akaurekodi upya kweli. Taratibu, bila viuno. Akaanza kama tulivyofundishwa: wimbo huu nimepewa na Mama Furaha wa Fittja. Mama aliposikia hivyo akaziba mdomo kwa mkono, akanirudishia simu kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha. "Huyu mtoto amelelewa," akasema, akaenda kugeuza ugali wa fufu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

Nikasikiliza mimi hadi mwisho. Ubeti wa kwanza, wa pili, halafu kimya. Nikamwandikia. Akanijibu haraka, kwa heshima zote na vimioyo viwili: "Dada, video ndefu watu wanaikimbia. Wa tatu nautoa kama sehemu ya pili." Sehemu ya pili bado nina hamu nayo. Wiki iliyofuata alikuwa ameshaingia kwenye wimbo wa mtu mwingine.

Sina ugomvi naye, mtoto mzuri yule, na siku moja huenda akawa mkubwa nami nikajisifia kwamba alikula kwetu. Ila nawaza. Enzi zetu wimbo ulisafiri polepole, kwa kinanda kibovu, kwa kanda zenye nyuso za buluu, lakini ulifika na watu wake wote ndani. Leo unafika haraka ajabu, dunia nzima, na wanaoshushwa njiani ni wale waliokufa.

Mama sikumwambia. Jumapili ilikuwa zamu yetu ya chumba cha kufulia, kule chini ya jengo. Mimi ninayeota kuwa mwimbaji tangu utoto, nyimbo za watu wote naziweza, ubeti ule sikuwahi kuugusa kwa kuuogopa. Nikapakia nguo, nikafunga mlango, nikasimama wima kama niko mbele ya mwenyewe. Nikasema nimepewa na nani. Kisha nikauimba wote, jina la Bibi, kijiji, na mama yake aliyemzaa. Mashine ikaanza kukamua kwa kelele katikati, ikanizidi sauti, nikasubiri imalize, nikarudia kuanzia kwenye jina.