Ijumaa Niliyobaki na Baridi Yangu

Mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa Masaki ya Kisarawe, katikati ya mihogo na mikorosho, na ugonjwa wangu ni kupenda baridi. Niliupata shuleni. Sekondari nilisomea Njombe, bweni, kidato cha kwanza hadi cha nne, na ukiacha cheti ambacho sikionyeshi watu ovyo, nilichotoka nacho huko ni ile raha ya kuamka alfajiri ukakuta majani yameganda, ukikanyaga yanavunjika. Wenzangu wa Pwani walilia mwezi mzima. Mimi nilijifunika blanketi hadi masikioni nikaona nimefika kwetu.

Sasa naishi Misugusugu, Kibaha. Duka langu la fotokopi liko sebuleni, nimelipanga hivyo makusudi ili nisiwe na sababu ya kutoka nyumbani. Mke wangu ni Mkinga wa Makete, na amenishangaa tangu siku ya kwanza.

"Mimi baridi nimeikimbia kwa basi," husema, "wewe unaitafuta kwa bando."

Anasema kweli. Simuni nina kundi letu tunaojiita Wenye Sweta. Wengi ni watu wa bara waliohamia Kibaha kwa kazi: walimu, makarani, watu wanaoamka saa kumi kuwahi ofisi za Dar. Ikifika Juni, kila asubuhi mtu anaandika nyuzi za joto la kwake na kupiga picha kikombe chake cha chai, tuone kama kinatoa moshi wa kueleweka. Na miaka hii kipupwe kimetuangusha vibaya. Julai inaingia mtu bado analala kifua wazi. Kila mmoja anajiliwaza anavyojua. Yupo anayeweka beseni la barafu mbele ya feni akalala na soksi. Yupo aliyeturushia picha ya ukungu wa Mbulu akidai ni wa asubuhi hiyo, tukamshika kwa sababu pichani alikuwa bado na nywele.

Mimi nilihamia kwenye theluji za watu. Kuna kamera zinazoonyesha milima ya Ulaya saa zote, bure, na humo, Januari, msimu wa baridi yao, nikagundua kwamba wenzetu nao wanalia. Wamesafiri na mbao zao za kutelezea, wamevaa makofia, wamesimama chini ya mlima wanautazama, na mlima ni majani matupu na matope. Niliwaonea huruma kama ndugu. Mke wangu alinikuta siku moja nasikitika mbele ya simu, akadhani nimefiwa.

Mtu mmoja tu aliuona ugonjwa huu una manufaa: shangazi yangu wa Masaki, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Mihogo inamlisha, lakini nguo, dawa na bati la nyumba ni korosho. Korosho hizo hizo ndizo zilizonisomesha Njombe. Na mkorosho ukitoa maua wakati wa kipupwe, adui yake ni ubwiriunga, ugonjwa unaoyafunika maua kama unga wa sembe mpaka yanakauka meusi. Ubwiriunga unapenda asubuhi za baridi na ukungu. Yaani mimi na huo ugonjwa tunaomba dua moja.

Dawa yake ni salfa ya unga, inapulizwa kwa mashine alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Shangazi na majirani zake wanatumia mashine moja kwa zamu. Zamu ikikupita, unangoja mpaka mashine izunguke kwa wenzako wote, iende Kibuta kwa wengine, ndipo irudi.

"Wewe si unashinda na hali ya hewa humo simuni?" aliniambia mwezi Juni. Yeye simu yake ni kitochi cha kupiga na kupokea tu. "Basi siku ukiiona baridi inakuja, niambie kabla haijanigusa mimi."

"Usijali, shangazi. Mimi ndiye mtabiri wako."

"Mtabiri wa kulala. Na salfa uninunulie huko Kibaha, uniletee mwenyewe. Nikuone na sura."

Nilinunua. Mfuko ukakaa nyuma ya mlango wa duka. Zamu ya shangazi ilikuwa Jumamosi alfajiri, kwa hiyo mimi nilitakiwa kuondoka Ijumaa mchana: gari mpaka Kisarawe mjini, gari jingine, kisha bodaboda. Safari ya kawaida ya mtu wa kawaida.

Alhamisi jioni simu ikanionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa misimu mitatu. Wingu zito, ukungu, joto kushuka, siku nne mfululizo. Nilipiga kelele. Unadhani nilimpigia nani kwanza? Niliwaandikia Wenye Sweta: "Jamani, imekuja!" Tukaandikiana mpaka bando likaisha. Shangazi nikasema nitamwambia kesho, si naenda huko huko.

Ijumaa niliamka nikakuta dirisha limelowa ukungu. Nikatoa sweta sandukuni, linanuka vidonge vya mende, nikalivaa, nikakaa barazani na chai ya tangawizi. Kikombe kilitoa moshi. Nilikipiga picha. Nikasema naondoka saa sita. Saa sita baridi ikazidi, nikasema saa nane. Saa nane nilikuwa na kikombe cha nne na blanketi magotini.

Mke wangu akachungulia. "Salfa ya shangazi je?"

"Kesho asubuhi na mapema."

"Zamu yake si kesho alfajiri?"

"Nitampigia."

Alinitazama kidogo, akaingia ndani. Mimi nikampigia shangazi. Nilikuwa nimeandaa ukweli uliofupishwa, lakini aliposema tu, "Umefika wapi, mwanangu?" mdomo ukajisemea wenyewe: "Shangazi, magari leo hayapo kabisa. Nimesimama kituoni tangu asubuhi."

"Kwenye baridi yote hii?" akasema. " Rudi nyumbani usije ukaugua. Mashine nitamwachia jirani."

Nilimaliza chai. Sitasema haikuwa tamu.

Mashine ilirudi kwake baada ya siku kumi. Safari hii nilifika jana yake mchana, na mfuko wangu begani, na sikuhitaji kuambiwa kitu. Mikorosho ya juu, ile mikubwa, ilikuwa nyeupe kama imepita kwenye kinu. Nilishika kichala cha maua, kikasagika mkononi. Vingine vilikwisha kuwa vyeusi, vinaning'inia. Mikorosho ya jirani aliyechukua zamu ile, ambaye shamba lake na la shangazi yanatenganishwa na kichaka tu, ilikuwa na maua mazima ya rangi ya waridi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sweta liko wapi? Nilijua utakuja nalo."

Alinikaribisha vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kuumwa. Akanipikia kisamvu. Majirani walipokuja kusalimia akawaambia, "Huyu alisota kituoni siku nzima na dawa yangu. Magari ya siku hizi, acheni tu." Wakanipa pole. Jirani yule wa maua mazima akanipa pole mara mbili, nami nikaipokea mara mbili.

Alfajiri tukashuka shambani na tochi. Shangazi akajifunga kanga puani, mimi nikabeba mashine mgongoni. Nilisimama chini ya mkorosho wa kwanza nikashindwa kuvuta kamba ya kuiwasha.

"Shangazi, Ijumaa ile magari yalikuwepo."

"Najua."

"Sikwenda hata kituoni. Nilikuwa nyumbani nakunywa chai."

"Ya tangawizi," alisema. "Mkeo alinipigia jioni ile kunipa pole. Alidhani umeshaniambia."

Nikauliza jambo la kijinga: kwa nini sasa alinitetea kwa watu.

"Ulitaka niwaambie nini? Kwamba mtoto niliyemsomesha kwa korosho hizi amekaa barazani anafurahia zikifa?" Hakupandisha sauti. Ningemshukuru kama angepandisha. "Haya, vuta kamba. Umande hautungoji."

Nilivuta. Tuliiacha mikorosho ya juu, maana salfa haifufui, tukapuliza ile ya bondeni iliyochelewa kutoa maua. Ilikuwa michache. Mwaka ule hiyo tu ndiyo iliyozaa, na bati la jikoni kwake halikubadilishwa. Kila mashine ilipomzungukia tena nilikuwepo, mimi nisiyependa hata kwenda sokoni, na shangazi aliendelea kuwaambia majirani kwamba nina moyo.

Kuna jambo ambalo mpaka leo sijamwambia, na hili mke wangu hawezi kunisaidia kulisema kwa sababu halijui. Alfajiri ile ya kwanza, vumbi la njano likinikaba koo, ukungu ulikuwa umeshika bonde zima na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwenye bomba. Ilikuwa baridi nzuri kuliko zote nilizopata tangu nitoke Njombe. Nilikuwa naivuta kwa pua, taratibu, nisije nikaimaliza. Yeye alikuwa mbele yangu akimulika maua, akitafuta yaliyo hai.