Cheti Kimoja, Macho ya Wote

Juzi nilikuwa kwenye duka la vipodozi karibu na stesheni ya Tabora, nikisubiri kufungiwa mafuta ya nywele, alipoingia binti aliyesema ametoka Goweko. Anaolewa Jumamosi. Alitaka lenzi za kuvaa ndani ya jicho, za rangi ya kijivu, apendeze kwenye picha.

“Nasikia zinahitaji cheti cha daktari wa macho,” alisema.

“Usihofu, mdogo wangu, cheti tunacho.” Mwenye duka alimpa kiboksi cha lenzi, akagonga kwa ukucha karatasi iliyobandikwa ukutani. “Wakaguzi wakija wanaona mhuri, wanaridhika.”

Binti alisogea, akasoma polepole. “Dada, mbona hiki ni cha miwani ya mzee wa miaka sabini?”

“Kwani mzee hana macho?”

Binti hakucheka. Alijigusa kope kwa kidole. “Nikipata kidonda jichoni, hospitali nitasema nini?”

“Sema una cheti.”

“Cha huyu mzee? Na wakimtafuta?”

Mwenye duka alishusha sauti. “Alishafariki. Hawezi kutuletea maneno.”

Binti alikirudisha kiboksi juu ya kaunta, akaniaga kwa heshima, akatoka na macho yake aliyozaliwa nayo.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na nimewaona wengi wakinakili majibu ya jirani. Lakini hata yule mvivu kuliko wote alichagua jirani aliye hai.