Pete ya Sufuria kwenye Bunduki ya Upepo

Mimi ni fundi wa mbao, na aibu zangu zote zimeanzia mdomoni. Mikono yangu haina neno. Ni huu mdomo.

Hoteli moja kule Kikambala ilisumbuliwa na kunguru wasio na haya. Mgeni akigeuka kumwita mhudumu, mkate umeshakwenda. Baba mkwe wangu aliajiriwa kwa kazi hiyo moja tu: kuzunguka uani tangu asubuhi na bunduki ya upepo, awafukuze. Bunduki ilikuwa ya marehemu mume wa mwenye hoteli. Mama yule aliiweka ofisini, ndani ya kabati la kioo pamoja na karatasi zake za serikali, na aliipangusa mwenyewe kwa kitambaa kama picha ya marehemu. Aliyeruhusiwa kuitumia ni mzee peke yake, na haikutoka nje ya geti.

Mzee ni mtu wa Vitengeni. Shamba lake lilikuwa limekataa kabisa, mahindi yanakauka yakiwa magotini, na ile kazi ya kunguru ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama mkwe. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, tena kabla ya yote.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi mjini, nimehamia Mtwapa kwa ajili ya karakana. Siku nilipokwenda kuposa, mzee aliniacha niseme weee, kisha akawageukia wazee wangu akauliza, "Huyu kijana hufanya kazi, au husema tu?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitabasamu, lakini neno lile lilinikaa hapa kooni miaka.

Kwetu mkwe hamwagizi mkwe kazi uso kwa uso. Ni vibaya. Ombi hupita kwa mke, na lawama pia, ili wakubwa hawa wawili wasije wakavunjiana heshima. Basi jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba bega linamuuma kwa kubeba ile bunduki kutwa. Anauliza kama waweza kuitilia mkanda wa kuning'iniza. Lakini mama mwenye hoteli amesema hataki kuona hata mchubuko."

"Mchubuko? Mimi?" nikamwambia. "Mwambie baba amimine chai. Kabla haijapoa nitakuwa nimemaliza."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo!"

Nilikata utepe kwenye sufuria kuukuu, nikaukunja ukawa pete ya kubana mtutu, na skrubu mbili za kukazia. Ndani ya pete ungekaa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili bati lisiguse chuma. Mkanda nilikata kwenye mkanda wa kiti cha gari. Kazi safi, wallahi. Hata leo nikiifikiria pete yenyewe naipenda.

Nilifika hotelini saa nne asubuhi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Mzee akanipeleka stoo, akaiweka bunduki juu ya meza kwa mikono miwili, akatoka kwenda kuniletea chai. Kweli alikuwa amewaambia jikoni waiandae. Nikapima mpira wangu kwenye mtutu: mfupi! Nilikuwa nimeukata kwa haraka, hauzunguki, umebakisha upana wa kidole.

Kutoka Kikambala hadi Mtwapa si safari. Mtu mwenye akili angesema, "Baba, mpira umepungua, narudi mara moja." Lakini mimi nilikwisha sema habari ya chai. Ukutani palitundikwa vipande vya tyubu wanavyofungia miavuli ya ufuoni. Nikachukua kimoja, nikakisugua chini ya mfereji, nikakipangusa na shati. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimetakata. Mtu aliyezaliwa pwani, aliyecheza mchangani tangu hajajua kutembea, hakukumbuka kwamba mpira uliolala ufuoni hula mchanga. Chembe zinaingia ndani kabisa na hazioshwi zikatoka.

Nikaivisha pete, nikaibana, nikaisukuma kidogo ikae sawa. Kwaruu. Nikajua. Nilipoilegeza, nilikuta mistari mitatu imezunguka mtutu, rangi yake nyeusi imetoka na chuma kinanitazama cheupe. Lahaula!

Hata hapo palikuwa na njia. Mama yule angefoka, angepaka mafuta ya mashine, chuma kingepona. Lakini mimi nilikuwa nasikia lile swali la siku ya posa. Kwenye rafu palikuwa na kopo la rangi ya viatu ya wahudumu. Nikachovya kidole, nikapaka ile mistari mpaka ikapotea, kisha nikaifunga pete juu yake, na mpira wake ule ule wenye mchanga, nikakaza skrubu.

Nilipoinua kichwa mzee alikuwa mlangoni na kikombe. Kidole changu kilikuwa cheusi mpaka kwenye kucha na kopo li wazi. Aliona. Nasema aliona, kwa sababu alikitazama kile kidole, halafu akatazama chini, vile mtu anavyofanya akimkuta mkubwa wake hajavaa.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, baba. Haina hata alama."

"Ahsante. Chai hii hapa, bado ya moto."

Nikainywa! Nikaisifu na hiliki yake.

Ile bunduki, kila unapoijaza upepo, huna budi kuukunja mtutu. Na kila mtutu ulipokunjwa, pete ilicheza kidogo na mchanga ukasaga. Mzee aliikunja mara ngapi kwa siku, kunguru wale walivyokuwa wengi? Na hewa ya chumvi ikaingia pale palipochubuka. Mke wangu aliniletea salamu kwamba bega limepoa, baba anashukuru sana. Nilivimba kichwa. Siku zingine nilikaribia kuamini mwenyewe kwamba hapakutokea kitu.

Miezi miwili baadaye mama mwenye hoteli alitembelewa na mwanawe, akataka kumwonyesha bunduki ya babake. Akafungua pete. Haya nilihadithiwa na mpishi wa pale, aliyekuwapo, akanipitia karakanani siku ya mapumziko yake. Alisema mtutu ulikuwa na mkufu wa kutu, umekila chuma kabisa, na mama yule aliposugua kwa kitambaa chake kikatoka cheusi. Akakinusa. "Rangi ya viatu," akasema. "Nani amenifanyia hivi?"

Mzee akajibu, "Ni mimi, mama. Niliikwaruza, nikaogopa, nikapaka."

"Na yule mkweo, fundi?"

"Mkwe wangu aliifunga vizuri. Mimi ndiye niliyeifungua."

Hakufokewa. Mama yule alilia tu, akamwambia mzee asirudi tena kesho. Mpishi alinihadithia hayo huku anatikisa kichwa, "Mzee mzima, kuficha na rangi ya viatu, kama mtoto!" Na mimi nikatikisa kichwa pamoja naye. Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa.

Nilijiambia nitakwenda Vitengeni niseme kweli. Nilijiambia Jumatatu, nikajiambia Alhamisi. Nilikuwa na kitanda cha mtu cha kumalizia, nilikuwa na homa, nilikuwa na hili na lile. Mwoga hakosi shughuli. Na nilikuwa nikingoja pia, nalisema kwa aibu, nilingoja mzee alete lawama kwa njia yake, kupitia kwa mke wangu, ili anianze yeye. Angeniambia neno moja tu, ningelipiga magoti.

Mke wangu akaenda kumtazama babake, akarudi baada ya siku tatu. Alikuwa amekonda uso. Mkononi alimshika kuku jike aliyefungwa miguu, mnono, na kwa hali ilivyokuwa kule nilijua hakuwa na mwenziwe bandani. Hakukaa. Alisimama mbele yangu na kanga yake ya safari, ameinamisha macho kwa haya ya mzazi wake.

"Baba amekuletea huyu," akasema. "Anaomba radhi. Anasema ulimfanyia kazi nzuri, yeye akaiharibu, akakutia aibu kwa watu. Na mimi nakuomba, mume wangu, usimweke babangu moyoni."

Akangoja jibu langu, kwa sababu ilikuwa lazima alirudishe kwa babake.

Nikampokea kuku. Nikamwambia, "Mwambie baba asijali. Nimemsamehe."