Sauti ya Mama na Rangi ya Kitufe

Mdogo wangu tunamwita Tayari, kwa sababu neno hilo humtoka kabla kazi haijafika nusu. Ukimwomba chai atakuitikia "tayari!" na jiko hajaliwasha. Kazi yake ni kutengeneza programu za wavuti, na anaifanyia nyumbani kwa mama, kwenye meza ya cherehani iliyokwisha kung'olewa cherehani yake, miguu ikikanyaga pedali bila sababu. Ni fundi kweli, simnyimi haki yake. Ila ana haraka, na haraka haina baraka.

Mwaka ule mama aliambiwa afanyiwe upasuaji wa koo. Daktari hakumung'unya maneno: uvimbe utatoka, lakini sauti huenda isirudi. Wajukuu wametawanyika huku na huko, na wote wamezoea kulala kwa hadithi zake za kwenye simu. Basi Tayari akatengeneza ukurasa ambao mama angerekodia hadithi, na mjukuu popote alipo aufungue asikilize.

Aliujaribu kwenye kompyuta yake, ukakubali. Akaupandisha kwenye seva ya kukodi, huko wanakokuita mawinguni. Kila jioni mama aliketi kitandani, simu karibu na mdomo, akisimulia kwa sauti iliyokwisha kuanza kukwaruza.

Kisha shangazi, ambaye hakosi la kusema, akasema kitufe cha kusikilizia kina rangi ya dawa ya kikohozi. Tayari akaibadilisha, akapandisha toleo jipya, akatutangazia tayari. Nikafungua. Kitufe kilikuwa kizuri, cha bluu. Hadithi hakuna hata moja.

Nilimkuta amejishika kichwa.

"Umezifuta?"

"Sijafuta kitu, dada. Nilizihifadhi palepale programu inapokaa. Sasa pale ni kama chumba cha gesti. Ukipandisha toleo jipya wanakupa chumba kingine kisafi, na ulichoacha kile cha zamani ndiyo basi tena."

"Na ulikuwa hujui?"

"Najua. Mafaili ya wateja naweka kwenye ghala la pembeni, ambalo toleo jipya haliligusi. Hii nikaona ni ya nyumbani tu."

Ya nyumbani tu! Nilitamani kumzaba kibao, mtu mzima na ndevu zake. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata mama yake?

Upasuaji ulikuwa keshokutwa. Tayari alitaka tumfiche mama mpaka atoke hospitali.

"Akitoka atakugombeza kwa sauti gani?" nikamwuliza.

Tukaenda wote wawili chumbani kwake. Mama alikuwa anakunja nguo za kwenda nazo hospitali. Tayari akamweleza yote, hadi chumba cha gesti.

"Zote?" mama akauliza.

"Zote, mama. Nisamehe."

Mama akamaliza kukunja khanga aliyoishika. "Kaunganishe hilo ghala lako kwanza. Safari hii nataka nione kwa macho yangu."

Tayari akaunganisha, akarekodi kikohozi chake mwenyewe, akapandisha toleo jipya makusudi mbele ya mama. Kikohozi kipo. Akapandisha tena. Kipo. Mama ndiye aliyesema inatosha.

Tulidhani ataanza na hadithi fupi. Akakataa. Sauti aliyobaki nayo haikutosha hadithi nzima, na yeye alilijua hilo kabla yetu.

"Hadithi mnazijua," akasema. "Mtawasimulia wenyewe. Mtakosea, watacheka."

Akashika simu, akaanza kutuita. Mmoja mmoja, watoto kisha wajukuu, kila mtu kwa jina analomwita yeye, kwa ile sauti ya kutuita tuje kula. Waliozoea kuchelewa aliwaita mara mbili. Tayari aliitwa mara tatu, na mara ya tatu kwa ukali. Nililia, sioni haya kusema.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti haikurudi. Mama sasa hunong'ona, na akikutaka hugonga meza. Tumezoea, na yeye amezoea kuliko sisi.

Siku moja ofisini, kazi imenichosha, niliufungua ule ukurasa nikabonyeza jina langu. Mama akaniita. Nikaitika "Abee, mama!" kwa sauti kubwa, na wenzangu walipogeuka kunitazama nilikuwa nimekwisha kusimama.