Pori la Ukuta wa Choo

Ninaandika insha kuhusu mimea ya mwitu na bustani za mjini, na picha zake ninazichora mwenyewe. Chuo kikuu hakikunifundisha kuchora, na inaonekana: bata wangu wa ziwani hufanana na viatu. Lakini majani nayaweza. Kwa majani sijidharau.

Kitabu kilibakiza picha moja. Nilitaka bustani ya mama jirani yangu, hapa mtaani kwetu Mapendo, ambako mmea wa majani kama manyoya, ule unaotangulia kuota juu ya lava iliyopoa ya volkano, ulikuwa umeingia katikati ya lenga-lenga zake, yaani mchicha. Pori na bustani katika karatasi moja: sura nzima iliegemea hapo, na mhariri aliitaka picha kesho yake. Nikakosea jambo moja. Nilimwomba mama ruhusa mapema.

Asubuhi nilimkuta ameketi juu ya kiti cha sebuleni, amevaa kikwembe cha kanisani na viatu vya visigino. Udongo aliouleta kwa magunia juu ya lava ulikuwa umefagiwa. Mawe ya ukingo yalikuwa yamepakwa chokaa. Mmea wangu haukuwepo.

"Mama, yale majani iko wapi?"

"Niliingoa yote. Kwetu Masisi, shamba yenye iko na majani ya bure ni ya muvivu. Unataka batu banione hivyo mu kitabu?"

"Lakini ndiyo nilikuja kuchora."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Papa, kama unatafuta pori, si uchore kwako?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilimchora yeye kwanza, na mawe yake meupe, maana mtu havai vile bure. Halafu nikarudi nyumbani, nikaketi mbele ya ukuta wa choo ambao nimeahidi kuutengeneza tangu nioe. Mmea ulikuwa umejaa kwenye nyufa, mnono, na chini yake vitunguu nilivyosahau kuvuna. Sijawahi kuchora vizuri kuliko siku ile.

Kabla ya kutuma picha nilimwonyesha jirani. Ya ukuta aliitazama kidogo, akatikisa kichwa, akarudia yake.

"Na viatu yangu?"

Nilikuwa nimeificha miguu yake nyuma ya lenga-lenga, kwa sababu nilizozitaja. Nikatoa penseli.

Mhariri amekubali picha zote mbili, zitatazamana. Ameuliza tu kwa nini mama amekanyaga bata.