Niliufungua Mlango, Nikasema Ulikuwa Wazi

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili mkinitukana, mnitukane kwa haki. Mlango niliufungua mimi, bila kuangalia nyuma, halafu nikamtwisha mwingine mzigo.

Ilikuwa siku ya soko Hedaru. Nilikuwa nimeegesha gari pembeni ya lami, nikamwona baba mkwe ng'ambo ya barabara, ameshuka kutoka milimani na tangawizi yake. Kwetu mkwe hasalimiwi ukiwa umekaa. Ukimwamkia kupitia dirishani, ukoo mzima utasikia ulivyolelewa vibaya! Basi kwa haraka ya adabu nikausukuma mlango wote, mguu mmoja tayari uko nje.

Pwaa! Gari dogo likauparamia mlango kwa kona ya mbele. Dereva alikuwa Elia, kijana wa kijijini kwetu, anaendesha gari la mtu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama yake.

Trafiki alipofika aliuliza swali moja tu. "Mlango ulikuwa wazi tayari, au umefunguliwa gari likiwa limeshafika?" Akatueleza: kama ulikuwa wazi, dereva alipaswa kuuona na kuukwepa. Kama umefunguliwa ghafla, kosa ni la aliyefungua.

Nikasema ulikuwa wazi. Mungu wangu! Sikufikiri hata kidogo, niliogopa tu.

Elia akashika kichwa. "Afande, kaufungua nimeshafika! Muulize mzee yule pale, ameona yote!"

Trafiki akavuka. "Shikamoo mzee. Wewe umeonaje?"

Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mtu asiyependa uongo hata wa utani. Alinitazama. Nadhani alikuwa anamfikiria binti yake na wajukuu. Akajibu taratibu, "Ulikuwa wazi."

Kosa likawa la Elia. Mwenye gari akamnyang'anya funguo siku ileile, na hakuna mwingine aliyetaka kumpa gari. Sasa anabeba viroba palepale sokoni.

Mtasema, si uende ukaseme ukweli? Nilijaribu jamani! Nilimfuata baba mkwe nyumbani, nikamwambia twende kituoni.

"Nikaseme nini?" akaniuliza. "Kwamba nimedanganya na mvi hizi? Nenda wewe, uniache mimi nifie hapa kwa aibu."

Nikarudi. Nikisema, namwangusha yeye. Nikinyamaza, Elia anaendelea kubeba viroba. Nimekwama! Na mzee tangu siku hiyo hasogei kanisani kupiga magoti kwenye meza ya Bwana. Watu wanadhani ni magoti yanamsumbua. Mke wangu anamnunulia dawa ya kuchua.

Juzi nilimkuta tena Hedaru. Nikasimamisha gari, nikaangalia kioo, nikageuka nikaangalia na nyuma, nikashika kitasa ili nishuke nimwamkie.

Akaninyooshea kiganja. "Usishuke."

Nikasema shikamoo baba, nimekaa vilevile. Hakuitikia. Wakati huohuo Elia akapita katikati yetu na kiroba begani, akasimama akamwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo mzee."

Mzee alifungua mdomo, marahaba ikakataa kutoka. Akainamia tangawizi yake, akaanza kuipanga upya.

Ndugu zangu, angalieni nyuma kabla hamjafungua mlango. Na mkishakosea, semeni ukweli palepale barabarani, kabla anayewapenda hajaulizwa baada yenu.