Mpima Damu wa Katoro

Mpima damu wa kliniki yetu ya wajawazito hapa Katoro husugua viganja mpaka vipate joto ndipo amshike mama mkono. Sindano ikiingia husema, “Pole, mama,” kwa upole uleule hata akishapima arobaini. Juzi majibu ya Agnetha yalionyesha kwamba damu yake ina sumu za moshi wa sigara. Mumewe, mchimbaji, akafoka, “Kumbe unavuta kwa siri!” Agnetha akaapa hajawahi kugusa sigara, machozi yakimtoka. Mpima damu alivua glavu taratibu, akamgeukia mume.

“Wewe unavutia wapi, baba?”

“Chumbani, nikitoka machimboni.”

“Basi mnavuta watatu.”

Mume alilitazama tumbo la mkewe. “Nisamehe, Mama Esta,” akamwambia mkewe, akaiweka pakiti yake mezani.